Maswali ya Wasomaji: Gintama, Utamu Wake na Pale Inapochosha

Mwezi huu tumeziweka pamoja barua zinazohusu katuni moja tu ya Kijapani, Gintama. Asili yake ni manga, yaani hadithi ya kuchorwa ya vitabuni, ya Hideaki Sorachi, iliyoanza kutoka katika jarida la Weekly Shonen Jump mwezi Desemba 2003 na kumalizika Juni 2019 ikiwa na juzuu 77. Kwenye televisheni ilianza Aprili 2006 ikafikisha vipindi 367 Oktoba 2018, na filamu ya kuifunga hadithi ikatoka Januari 2021. Katika majibu haya hatutasema nani anakufa wala nani anamgeuka nani.

Ndugu wahariri, nimetazama kipindi cha kwanza na cha pili. Watu ni wengi, wote wanajuana, mimi simjui hata mmoja. Kuna msimu nimeuruka? (Msomaji, Morogoro)

Hujaruka kitu. Vipindi 1 na 2 havitoki kwenye manga. Vilitungwa kama karamu ya kuwakaribisha waliokuwa wakiisoma tayari kwa zaidi ya miaka miwili, ndiyo maana kila mhusika anapita kusalimia na hakuna anayetambulishwa. Kwa mgeni ni sawa na kuingia kwenye harusi ya watu usiowajua. Anza na kipindi cha 3, kijana Shinpachi anapokutana na Gintoki, mhusika mkuu. Cha 4 kinamleta Kagura, na cha 5 kinamleta Katsura, samurai mwasi. Viwili vya mwanzo virudie ukishavuka kipindi cha 50, utavifurahia.

Hali ya hadithi yenyewe ni hii: tuko Edo, Tokyo ya leo, lakini badala ya Wazungu, wavamizi ni Amanto, viumbe kutoka sayari nyingine. Walishuka miaka 20 iliyopita, wakawashinda samurai, wakapiga marufuku upanga. Gintoki Sakata alipigana vita hivyo. Sasa ana kiduka cha kazi yoyote ile katika mtaa wa Kabukicho, juu ya baa ya mama mwenye nyumba, na kodi ya pango haijawahi kulipwa kwa wakati.

Hamjambo wahariri. Rafiki zangu wanaisifu, lakini mimi naona vipindi 20 vimepita na hadithi haijasogea. Sifa hizi zinatoka wapi? (Msomaji, Nakuru)

Zinatoka hapo hapo unapoona haijasogea. Gintama haina ngazi za kupanda. Hakuna mashindano ya ubingwa, hakuna nguvu mpya kila msimu, hakuna hazina inayotafutwa. Gintoki anaanza na upanga wa mbao na anamaliza na upanga wa mbao. Kinachoongezeka ni watu na mazoea yao. Hijikata, naibu kamanda wa kikosi cha polisi cha Shinsengumi, anamwagia mayonezi kila chakula. Hasegawa kila akipata kazi anaipoteza. Elizabeth, kiumbe anayefuatana na Katsura, haongei, anaandika kwenye kibao. Kwa vipindi 30 hivi ni vichekesho vitupu, na ukiwa na haraka utaona unapotezewa muda.

Kisha unafika mkasa wa Benizakura, vipindi 58 hadi 61. Watu wale wale uliokuwa ukiwacheka wanashika panga kwa dhati, na unagundua unawajua kama majirani. Vivyo hivyo kwa vipindi 86 na 87, vinavyomhusu Mitsuba, dada yake Okita. Okita umemzoea kama polisi kijana mtukutu anayemlipua bosi wake, Hijikata, kwa bazuka, na sasa unamwona mbele ya mtu mmoja anayemfanya awe mtoto mpole. Mwandishi hakuhitaji kueleza lolote, kwa sababu utukutu ule ulikuwa umeshatueleza mapema. Anayeruka vichekesho ili akimbilie mapigano anafika kwenye mikasa hii mikono mitupu, halafu anashangaa wenzake wanalia nini.

Sifa ya pili ni jinsi kichekesho kinavyojengwa. Tazama kipindi cha 25. Karibu chote ni watu wamezunguka sufuria moja ya nyama wakigombea nani achukue kipande gani na lini. Jambo ni dogo, lakini linajadiliwa kwa mikakati ya vita, na kila hoja inaizidi ile iliyotangulia. Sheria ambayo Gintama inaifuata karibu kila mara ni hiyo: chukua jambo dogo kabisa, lipe uzito wa mambo ya nchi, usilegeze. Kipindi cha 151, ambapo mtawala mkuu wa nchi, shogun, anaingia kunyolewa kwenye duka ambalo kinyozi mwenyewe hayupo, ni sheria hiyo hiyo iliyofikishwa kileleni. Huyo ni mtu ambaye neno lake linaweza kukata vichwa, na wanaomshikia mkasi hawajui kunyoa.

Ya tatu ni sauti. Tomokazu Sugita anamwigiza Gintoki kwa uvivu wa mtu aliyetoka usingizini, kisha bila kupandisha sauti sana anageuka mtu wa kuogopwa. Daisuke Sakaguchi, ambaye ni Shinpachi, ana kazi ngumu kuliko wote: kupiga kelele za mshangao kwa misimu yote bila kukera. Rie Kugimiya kama Kagura, binti wa kabila la wapiganaji hatari anayekula kama gunia lisilo na mwisho, anatoa maneno machafu kwa sauti ya mtoto mzuri. Ndiyo maana tunashauri usikilize Kijapani na usome tafsiri chini ya skrini.

Nasoma historia. Majina kama Hijikata, Okita na Katsura nimeyaona kwenye vitabu. Ni watu wa kweli hawa? (Msomaji, Zanzibar)

Majina yamepindishwa kidogo, lakini ndio wao. Swali hili linastahili jibu refu, kwa kuwa mtazamaji asiyejua historia hii anapoteza nusu ya utani.

Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani chini ya Matthew Perry zilifika Japani na kuishinikiza ifungue milango. Taifa likagawanyika. Wapo waliotaka wageni wafukuzwe, na wapo waliosimama na serikali ya shogun. Mwaka 1863 kikaundwa kikosi cha Shinsengumi mjini Kyoto kuilinda serikali hiyo. Mwaka 1868 serikali ya shogun ikaanguka, na mwaka 1876 samurai wakakatazwa kubeba panga hadharani. Sorachi amelichukua bonde hili zima la historia, akawaweka Amanto mahali pa meli za Perry.

Hijikata Toshizo wa kweli alikuwa naibu kamanda aliyeogopwa kwa ukali wa kanuni zake, hata akaitwa shetani. Wa kwenye katuni, Hijikata Toshiro, anawaamuru vijana wake wajiue kwa makosa ya kipuuzi, na mtazamaji wa Kijapani anacheka kwa sababu anaijua sifa ya yule wa asili. Katsura Kogoro alisifika kwa kujificha, kujigeuza sura na kukimbia. Katsura Kotaro wa katuni kila mara yuko ndani ya vazi la bandia au anatoroka juu ya paa. Sakamoto Ryoma alianzisha kampuni ya biashara ya baharini iliyoitwa Kaientai. Sakamoto Tatsuma anaendesha Kaientai yake angani, huku akitapika kila chombo kinapoyumba. Takasugi Shinsaku aliunda kikosi cha Kiheitai, na Takasugi Shinsuke naye anakiongoza.

Lenye kugusa zaidi ni la Okita. Okita Soji wa kweli alikufa mwaka 1868 kwa kifua kikuu akiwa kijana, na alikuwa na dada mkubwa aliyeitwa Mitsu. Katika Gintama, Okita ni mzima kabisa. Mwenye ugonjwa wa mapafu ni dada yake, Mitsuba. Mwandishi ameuhamisha ugonjwa kutoka kwa kaka akaupeleka kwa dada, na Mjapani anayejua historia anaanza kuogopa tangu anaposikia kikohozi cha kwanza. Kabla ya kipindi cha 86, soma kidogo kuhusu Okita Soji.

Nusu ya vichekesho sivielewi, ingawa Kiingereza cha tafsiri nakisoma vizuri. Tatizo ni mimi? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, ni lugha. Mchezo wa maneno hauvuki mpaka. Mtu akitunga utani wa Kiswahili juu ya neno "kaa", yaani kaa la moto, kaa wa pwani na kaa chini, nani ataufasiri kwa lugha nyingine ukabaki utani? Gintama imejaa vitu hivyo kuanzia jina lake: maana yake ni roho ya fedha, ile fedha ya madini, lakini ukibadili herufi moja tu inakuwa kintama, neno la mtaani la korodani. Jina la Katsura wenzake wamelifupisha kuwa Zura, yaani wigi, ndiyo maana anakasirika kila anapoitwa hivyo na kusahihisha pale pale, hata katikati ya mapambano.

Kuna jambo jingine linalosaidia ukilijua. Vichekesho vya jukwaani vya Kijapani viitwavyo manzai vina watu wawili: mmoja anasema upuuzi kwa uso mkavu, mwenzake anamkatiza na kumsahihisha kwa ukali. Katika Gintama, Shinpachi ndiye msahihishaji, na kelele zake ndizo zinazokuonyesha utani ulikuwa wapi. Usipoelewa mstari, sikiliza Shinpachi amelalamikia nini, mara nyingi utaupata. Zile dhihaka za matangazo ya televisheni na wanasiasa wa Japani wa mwaka 2008 ziache zipite, kwani huko kwao nazo zinazeeka. Za Dragon Ball na One Piece utazishika bila msaada.

Mnaisifu sana. Semeni na ubaya wake. (Msomaji, Bujumbura)

Tunausema bila kuupunguza.

Kwanza, mikasa mizito inafuata mkondo mmoja. Rafiki anaingia matatani, anaficha ili wengine wasiumie, Gintoki anakwenda hata hivyo, anapigwa hadi damu inamfunika uso, anasema maneno makali, anashinda. Mara ya kwanza inasisimua. Ukitazama mkasa wa Yoshiwara (139 hadi 146), wa Buibui Mwekundu (177 hadi 181) na wa Wakuu Wanne wa Kabukicho (210 hadi 214) ndani ya wiki moja, utaona mifupa ya hadithi inafanana. Dawa yake ni kuacha vichekesho vya katikati vifanye kazi yake ya kukupumzisha.

Pili, vichekesho fulani vinarudiwa kupita kiasi. Kondo, kamanda wa Shinsengumi, kumwandama dada yake Shinpachi kila aendako, hadi chini ya sakafu ya nyumba yake, kunachukuliwa kama mapenzi ya kuchekesha. Ni unyanyasaji, na makofi anayopigwa hayaufuti. Vichekesho kuhusu wanaume wanaovaa kike katika baa ya Saigo vina upande mzuri, maana Saigo mwenyewe amepewa heshima na ushujaa, lakini maumbile yao yanafanyiwa mzaha ule ule tena na tena. Hapa umri wa katuni unaonekana.

Tatu, maneno ni mengi mno. Kuna vipindi ambavyo picha imesimama nje ya nyumba ya Gintoki huku sauti zikibishana ndani. Watengenezaji wenyewe waliufanya kuwa utani, na mara ya kwanza ni utani mzuri. Anayesoma tafsiri kwenye skrini ya simu, macho yatamuuma.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mwisho wake. Mkasa wa mwisho, vipindi 342 hadi 367, unataka kila mhusika aliyewahi kupendwa apate pambano lake. Kwa hadithi iliyokusanya watu kwa miaka 12 hilo haliwezekani bila msongamano. Unakatizwa pambano moja uonyeshwe jingine, hasira inapoa, na michoro nayo imedhoofika ukilinganisha na ya 2015. Adui mkuu ana asili nzito ya kutokufa na nguvu za ardhi, wakati nguvu ya Gintama siku zote ilikuwa kwenye mtaa mmoja na kodi isiyolipwa.

Hata hivyo kuna kosa ambalo haikulifanya. Ilipokuwa karibu kuifikia manga, haikuburuza kipindi kimoja kwa kurasa tatu. Ilisimama. Baada ya kipindi cha 201, Machi 2010, ilipumzika hadi Aprili 2011. Ndiyo maana hata vipindi dhaifu vya Gintama vina kichekesho kilichokamilika, havina dakika za kutazamana machoni huku upepo ukivuma.

Mwanangu ana miaka 10 na anaiomba. Nimruhusu? (Mama, Kisumu)

Tungesubiri afike 14 au 15, mama. Siyo kwa sababu ya damu peke yake. Kuna matusi, utani wa chooni mwingi, wahusika wanatapika na kuchokora pua, na mtaa wa Yoshiwara ni mtaa wa madanguro, hadithi yake haifichi hilo. Rangi zake za kitoto zisikudanganye. Mwaka 2017 huko Japani ilionyeshwa usiku wa manane.

Namba za vipindi zinanichanganya. Kila mahali msimu unaanza upya na 1. Nipeni mpangilio, na nijue itanichukua muda gani. (Msomaji, Dodoma)

Chanzo cha vurugu ni kwamba kila mfululizo mpya ulipewa jina lile lile na alama ndogo tu mbele yake. Ule wa 2011 una alama ya mkato wa juu, wa 2015 una duara dogo kama la nyuzi za joto, wa 2017 una nukta. Shika namba hizi. Mfululizo wa kwanza ni 1 hadi 201. Wa 2011 ni 202 hadi 252, na nyongeza yake ya 2012 na 2013 ni 253 hadi 265. Wa 2015 ni 266 hadi 316. Hapo studio ilibadilika kutoka Sunrise kwenda Bandai Namco Pictures, na michoro inang'aa zaidi. Kisha 317 hadi 328 mwanzoni mwa 2017, 329 hadi 341 mwishoni mwa mwaka huo, na mkasa wa mwisho 342 hadi 367 katika 2018.

Ukiona tunataja kipindi na programu yako inaanza upya na 1, toa namba ya mwisho ya mfululizo uliotangulia. Mkasa wa kumuua Shogun unaanzia 300: toa 265, ni kipindi cha 35 cha mfululizo wa 2015.

Sehemu moja ihamishe. Vipindi 329 hadi 341 ni vichekesho vya manga vilivyorukwa awali, na kwa mtiririko wa hadithi vinatangulia kipindi cha 300. Vilirushwa baada ya mikasa mitatu mizito mfululizo, kwa hiyo anayefuata namba anatoka msibani anaingizwa ngomani. Vitazame baada ya 299, kisha endelea na 300 moja kwa moja hadi 328, halafu ruka hadi 342.

Filamu ya 2010 inasimulia upya Benizakura, kwa hiyo ukishaona 58 hadi 61 si lazima. Ya 2013 inajiita ya kuhitimisha lakini si mwisho. Hadithi yake aliitunga Sorachi mwenyewe, na mahali pake ni baada ya 265.

Muda: dakika 24 kwa kipindi, mara 367, ni kama saa 147. Vipindi 3 kwa siku ni miezi minne. Wimbo wa mwanzo unaweza kuuruka, utaokoa kama saa 9. Wa mwisho usiuruke, maana utani huendelea juu yake na baada yake, kwenye matangazo ya kipindi kijacho. Kwa anayetazama kwa bando, picha ya kiwango cha kati inayokula kama MB 150 kwa kipindi itafikisha kama GB 55, hivyo pakua mahali penye Wi-Fi.

Kama hujui bado utaipenda, usijilazimishe miezi minne. Tazama 3 hadi 6, kisha 25, kisha 58 hadi 61. Ni vipindi 9, saa tatu na nusu. Kama Benizakura haijakugusa hata kidogo, iache bila majuto.

Bora manga au katuni? (Msomaji, Arusha)

Kwa Gintama, katuni. Kurasa za Sorachi zimejaa maandishi, kwenye simu utavuta na kukuza hadi uchoke, na sauti ya Shinpachi haipo. Manga inaishinda katuni kwenye mkasa wa mwisho tu, ambapo unaweza kwenda kwa mwendo wako.

Nimemaliza kipindi cha 367 na hadithi haijaisha! (Msomaji, Muscat)

Ni kweli haijaisha. Oktoba 2018 manga yenyewe ilikuwa haijafika mwisho. Ilitangazwa kwamba ingeishia kwenye Weekly Shonen Jump mwezi Septemba, kurasa hazikutosha, ikahamia jarida la Jump Giga, huko nako haikutosha, ikamalizikia kwenye programu ya simu Juni 2019. Katuni ikabaki ikining'inia kwa zaidi ya miaka miwili.

Kilichobaki ni vitu viwili. Kwanza vipindi 2 maalumu viitwavyo Gintama: The Semi-Final, vya Januari 2021, ambavyo mara nyingi havimo kwenye orodha ya misimu, kwa hiyo vitafute kwa jina. Halafu filamu ya Gintama: The Final, dakika 104. Fuata mpangilio huo, na kabla ya filamu rudia Benizakura. Vipindi vinne hivyo ndivyo vitakavyokukumbusha Gintoki na Takasugi waliachana wakiambiana nini, na filamu inaanzia kwenye deni hilo.